Picha ilitoka kwenye simu ya mwalimu

Mimi ni mwalimu wa malezi katika sekondari ya kutwa, Tanzania. Shuleni kwetu mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu, na kwa miaka mingi tuliona katazo hilo linatosha. Simu ikikamatwa, mzazi anaitwa, yameisha.

Kisha ikaja stika. Binti wa kidato cha pili alianguka mstarini asubuhi, jua kali, hajala kitu. Akapigwa picha akiwa chini, mdomo wazi, kiatu kimoja kimechomoka. Usiku huo huo picha ikakatwa, ikawa stika ya WhatsApp yenye neno "HOI". Kufikia Ijumaa walikuwa nayo hadi wanafunzi wa shule jirani. Binti hakuonekana darasani siku nane. Nilipomfuata nyumbani, mama yake akaniuliza, "Mwalimu, kama simu haziruhusiwi, nani alipiga?"

Tulipofuatilia, aliyepiga ni mwalimu mwenzetu. Aliiweka kwenye grupu la wazazi kuwataarifu, kwa nia njema kabisa. Mwanafunzi mmoja aliikuta kwenye simu ya mama yake.

Niliumia sana. Nikaamua kuandika kanuni ya shule kuhusu picha na mitandao. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa kurasa mbili za "ni marufuku", zote kwa wanafunzi. Niliirarua. Nikasoma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, nikaelewa kwamba hata sisi kubandika matokeo ya darasa zima kwenye grupu, majina na alama, tulikuwa tunawaanika watoto wa watu.

Kwa hiyo kanuni ikaanza na walimu: hakuna picha ya mwanafunzi mtandaoni bila mzazi kusaini fomu, na matokeo kila mzazi anapewa ya mwanawe tu. Hapo ndipo viranja walipokubali kukaa nami. Dada mkuu alinieleza wazi: "Mwalimu, shuleni hatuna simu. Mambo yanaanza saa tatu usiku, mama akishalala."

Kipengele kilichotutoa jasho ni hiki: mwanafunzi anayeleta taarifa ya udhalilishaji haulizwi simu aliitoa wapi wala haadhibiwi kwa kuitumia. Mwalimu wa nidhamu aliona tunafuga utovu wa nidhamu. Tulibishana vikao vitatu. Nilimwambia mtoto akiogopa fimbo atanyamaza, na stika itaendelea kutembea. Mwishowe alikubali tujaribu muhula mmoja. Mengine yalipita haraka: namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ikabandikwa kila darasa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ikasomwa mbele ya wazazi, kwa sababu simu ni zao.

Muhula huo wanafunzi watatu waliniletea skrinishoti. Mmoja alikuwa ametengenezewa akaunti ya uongo yenye sura yake, na tuliiripoti ikafungwa kabla haijafika mbali. Mwalimu wa nidhamu hajazungumzia tena kukifuta kipengele kile.

Yule binti alirudi. Stika bado imo kwenye simu za watu, sina uwezo wa kuifuta. Kwenye fomu ya picha mama yake aliweka alama kwenye "hapana", na siku ya michezo nilimwona mwalimu yule yule akiishusha simu yake taratibu binti alipoingia kwenye mstari wa mbio za mita 100.