Nilivyomaliza Scrambled Valkyrie kwa kuacha kupiga risasi

Ushauri niliopewa na kila mtu ulikuwa mmoja: kandamiza, usiachie. Binamu yangu wa Nagoya aliniambia hivyo kwa simu. Kijana wa kibanda cha PlayStation mtaani kwetu akaniambia hivyo hivyo, tena bila hata kuuliza ni gemu gani. Na mpwa wangu wa miaka tisa, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa pembeni na kumaliza karanga zangu, aliurudia kama kibwagizo: "Mjomba, piga! Piga! Piga!" Nikapiga miezi minne. Nikafa miezi minne.

Sasa nimeimaliza, na kwa kuwa waliokuwa wakinicheka hawajanipa hata hongera, nitajipa mwenyewe hapa.

Gemu inaitwa Macross: Scrambled Valkyrie, ya Super Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo. Ilitoka mwaka 1993 na iliuzwa Japani tu. Ndege ya kivita inakwenda kulia angani, maadui wanakuja makundi kwa makundi, na wakati wowote unaweza kuigeuza: iwe ndege kamili, iwe roboti lenye miguu na bunduki mkononi, au iwe kile kitu cha katikati wanachokiita Gerwalk, ambacho ni ndege iliyoota miguu na mikono, mithili ya kuku aliyeazima mbawa za mwewe. Aliyechora ndege hiyo ni Shoji Kawamori, kwa ajili ya katuni iliyoanza kuonyeshwa Japani mwaka 1982, na ukiitazama vizuri utaiona ndege ya kivita F-14 ya Wamarekani humo ndani.

Mimi ugonjwa huu niliupata zamani. Tanga, miaka ya tisini, tulikuwa na ile TV gemu ya Kichina na kaseti moja yenye gemu kibao, na mojawapo ilikuwa Macross ya mwaka 1985, ya Famicom, mashine iliyoitangulia Super Famicom. Jina hatukulijua, tuliiita "ndege mtu". Inakupeleka mpaka ndani ya meli kubwa ya adui, muda unakimbia, unalipua mtambo wao, halafu inaanza tena, ngumu kuliko mwanzo. Haina mwisho ile. Kaka yangu aliwahi kutuapia kwamba aliimaliza, na mpaka leo hii, baba wa watoto watatu, hajaufuta uongo huo.

Basi binamu, ambaye kule Nagoya anashughulika na magari yaliyotumika, alipokuja likizo akaniletea begi. Ndani mna Super Famicom iliyogeuka njano kama meno ya mvuta sigara, pedi mbili na kaseti hiyo, vyote vya duka la mitumba. Boksi na kijitabu cha maelezo aliviacha kule ili asizidishe kilo za ndege. Kikumbukeni hicho kijitabu.

Adapta ya Japani ni ya volti 100. Hilo nalijua leo. Siku ile nilitazama pini zake mbili bapa, nikatafuta kichwa cha kubadilishia, nikachomeka kwenye umeme wetu wa 230 na ushee. Ikanguruma kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo, ikanyamaza, halafu ikaanza kunuka. Mpwa wangu akauliza, "Mjomba, ndiyo inawaka?" Ilikuwa inawaka kweli, ila kwa maana ile nyingine.

Kariakoo nikauziwa adapta ya volti 9 kwa maneno haya: "Bro, adapta ni adapta." Nikamwamini, maana nami nilitaka iwe hivyo. Nyingi zinazouzwa kwetu zina chanya katikati na hasi nje, wakati Super Famicom inataka hasi ndiyo ikae katikati. Kuna mchoro mdogo kwenye adapta, duara na kitone, na mimi kuutazama niliutazama, ila baada ya mashine kukataa kuamka. Fundi wangu wa Temeke, mtu pekee katika mkasa huu aliyenishauri jambo la maana, akakata waya, akaugeuza, akabadilisha na fyuzi ndogo ndani ya mashine ambayo nilikuwa nimeshaiua. Elfu kumi, au kumi na tano, pamoja na soda. Akaniambia pia nisipulize kaseti. Nikamwambia fundi, sisi tumekua tukipuliza. Akasema ndiyo maana za kwetu zilikufa: mate yanaleta kutu kwenye vile vyuma. Chukua pamba ya masikio, iguse kwenye spiriti, sugua taratibu, acha ikauke. Nimefanya hivyo mara mbili tu tangu siku hiyo.

Kwa mama kuna TV ya chogo, na nilikuwa nimesikia kwamba gemu za kale ni za chogo. Picha ikaja bila rangi hata moja, kwa sababu TV ile ni ya PAL, mfumo wa picha wa kwetu, na mashine inatoa NTSC, mfumo wa Japani. Nikarudi kwenye TV bapa ya sebuleni. Rangi zikaja, lakini unabonyeza leo, ndege inageuka kesho. Ingieni kwenye mipangilio ya TV mtafute modi ya gemu. Bila hiyo TV inaipaka picha poda kwanza ndipo ikuonyeshe.

Turudi kwenye kufa kwangu. Binamu aliposikia sivuki akasema tatizo langu ni kidole: nunua pedi yenye tabo, ile inayopiga risasi mfululizo. Nikanunua, elfu thelathini na kitu. Bunduki ikawa inalia kama cherehani ya fundi aliyebakiza siku moja kabla ya Idi. Kidole kikaanza kuchoka kushikilia, nikafunga kitufe kwa rababendi. Mnaona akili hiyo? Pedi ina tabo, tabo ina rababendi, na mimi nimebakiwa na kazi ya kukwepa tu. Nilijiona injinia. Nilimwita hadi mke wangu aje aone. Akatazama, akaniuliza kama ile rababendi ndiyo ya kufungia mfuko wa sukari.

Kwa rababendi nilifika mbali kidogo kuliko zamani, halafu nikagota palepale kila siku. Maadui wanakuja kutoka pande ambazo bunduki haitazami, na ukigeuka roboti ili upambane nao, roboti ni pana, kila risasi inakupata. Ukirudi kuwa ndege unapenya, lakini wale uliowapita wako hai nyuma yako. Nilibadili rubani pia. Wako watatu: Hikaru, Max na Milia, na silaha zao hazifanani. Nilikuwa namchagua Hikaru kwa sababu ndiye shujaa wa hadithi, sababu ya kitoto kabisa. Milia ananifaa zaidi. Wengine watabisha, wabishe.

Jumapili moja rababendi ilikatika. Nikawa nashikilia kwa kidole kama binadamu wengine, na katikati ya vurugu mama akapiga simu. Simu ya mama haiachwi. Nikaachia kitufe, mkono mmoja sikioni, mwingine unaendelea kuikwepesha ndege kwa mazoea tu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, umeshakula?" Nikaona ndege yangu inaanza kumetameta. Nikadhani TV nayo imeamua kufa. Adui mmoja akaja usoni, sikuwahi kukwepa, tukagusana. Nikasubiri mlipuko.

Haukuja. Yule adui akasimama pembeni yangu na kuanza kuwapiga wenzake.

Mpwa wangu karanga zikamdondoka. "Mjomba! Amehama timu!"

Mama akauliza mbona nimenyamaza. Nikamwambia nitampigia.

Kumbe ndivyo gemu ilivyotengenezwa. Usipopiga risasi kwa sekunde kadhaa ndege inapata nguvu ya kumgusa adui na kumgeuza awe wako. Miezi minne mimi na tabo yangu tulikuwa tunaizuia nguvu hiyo isijikusanye hata mara moja! Sisi nyumbani tumeupa ujanja huo jina la "kuunga mkono juhudi", maneno ya wanasiasa wanaohama chama, na Mtanzania yeyote aliyefuatilia siasa zetu hahitaji maelezo. Mpwa anasema ni dirisha dogo la usajili, unamtoa mtu Simba asubuhi, jioni anakufungia goli akiwa Yanga.

Si kila adui anakubali, wengine ukiwagusa umeumia, hivyo wiki ya kwanza niliitumia kujua nani ananunulika. Wakati wa kusubiri kaa kama ndege, ni nyembamba. Msijaribu kumgusa adui kwa mbele, huko ndiko risasi zinakotokea, zungukeni ubavuni. Na huyo uliyempata msimwonee huruma, akifa mtafute mwingine.

Baadaye nilikwenda kuisoma hadithi ya ile katuni nikabaki kujipiga paji la uso. Maadui wa Macross ni majitu yaitwayo Zentradi, hayajui chochote isipokuwa vita. Kinachoyalegeza si kombora, ni nyimbo za binti anayeitwa Minmay. Yanasikia wimbo, yanachanganyikiwa, mengine yanahamia upande wa binadamu. Na huyo Milia ninayerusha ndege yake mwenyewe ni Zentradi! Alijipenyeza kwa binadamu ili amuue Max, kwanza wakakutana kwenye gemu ya kuchezea mjini Max akamfunga, kisha wakapigana kwa visu Max akamshinda tena, na mwisho wakaoana. Yaani rubani niliyemchagua aliunga mkono juhudi miaka kumi kabla gemu haijatoka, na bado sikuelewa. Nina uhakika yote hayo yamo kwenye kijitabu kilichobaki Nagoya, tena kwa michoro.

Kutoka hapo ilinichukua kama wiki tatu. Ingekuwa mbili, ila siku niliyofika mbali kabisa umeme wa Luku uliisha. Mita ilikuwa inalia tangu mchana, mke wangu akanikumbusha mara mbili, nikasema nanunua sasa hivi. Gemu za namna hii hazina kuhifadhi. Giza, kimya, na sauti ya mke wangu kutoka jikoni: "Sasa hivi imefika?" Tangu hapo kabla ya kuwasha mashine natazama mita kwanza, kama rubani anavyotazama mafuta.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi usiku. Pedi ya kawaida, tabo iko kabatini. Nilisubiri, nikang'aa, nikamchukua adui mmoja mnene ambaye alinisaidia sana mpaka akafa mahali pabaya, nikabaki peke yangu, ndege, roboti, ndege, Gerwalk, mikono inateleza kwa jasho. Bosi wa mwisho alipolipuka sikupiga kelele kwa sababu ilikuwa saa saba usiku na watu wamelala. Mpwa wangu, shahidi wangu wa miezi yote hiyo, alikuwa amelala kwenye kochi mdomo wazi. Majina ya Kijapani yakaanza kupita, nikayasoma yote bila kuelewa hata moja.

Nilirekodi kwa simu nikamtumia binamu. Kule ilikuwa asubuhi, akajibu papo hapo: "Unaona? Si nilikwambia ununue tabo."