Pienza kwa basi: nilivyolitembelea kasri la Papa Pio II

Pienza haina kituo cha treni, na hapo ndipo mipango ya wengi huharibika. Kijiji kimekaa juu ya kilima huko Toscana, Italia, mita 491 kutoka usawa wa bahari, kilomita kama 50 kutoka mji wa Siena. Huko Siena nilipanda basi namba 112 liendalo Montepulciano. Ni safari ya saa moja na nusu hivi, kona tupu, kwa hiyo anayechafukwa na tumbo akae mbele. Tiketi nilinunua mapema, ya kwenda na ya kurudi, kwenye duka la sigara lenye herufi T mlangoni. Tiketi ya karatasi igonge muhuri kwenye mashine ya ndani ya basi mara unapopanda. Isiyogongwa ni sawa na kutokuwa nayo, na ugeni si hoja mbele ya mkaguzi.

Usiende Jumapili, mabasi ni ya kubahatisha. Jumatatu kasri kwa kawaida hufungwa. Mwenye gari asivuke kibao cha ZTL, yaani eneo lisiloruhusu magari bila kibali: kamera husoma namba na faini humfuata hadi kwake. Mistari myeupe ya maegesho ni bure, ya bluu ni ya kulipia, ya njano ina wenyewe.

Enea Silvio Piccolomini alizaliwa hapa mwaka 1405, kijiji kikiitwa Corsignano. Alipokuwa Papa Pio II, akampa msanifu majengo Bernardo Rossellino kazi ya kukijenga upya kuanzia 1459. Makadirio yalikuwa dukati 18,000, sarafu za dhahabu za enzi hizo. Zikatumika zaidi ya 50,000. Papa akamshukuru fundi kwa kumdanganya, maana angeujua ukweli asingejenga. Mafundi wengi wangempenda bosi wa namna hiyo!

Uani mwa kasri unaingia bila tiketi. Vyumba vya juu hutazamwa kwa kundi, nusu saa hivi: chumba cha kulia, cha silaha, maktaba, na kitanda cha Papa chenye paa la kitambaa. Mimi dakika zangu nilizitunza kwa ajili ya upande wa nyuma. Uso wa mbele uliigwa kutoka Palazzo Rucellai, kasri la mjini Firenze, lakini roshani tatu za nyuma, moja juu ya nyingine, zinatazama bustani, kisha bonde la Orcia, kisha mlima Amiata. Hilo ndilo la kulipia. Nenda asubuhi, kabla ukungu wa joto haujaufuta mlima.

Kanisa lililo jirani usiliruke. Altare iko upande wa kusini, kwenye ukingo wa kilima, ambako ardhi ni mawe laini juu ya udongo wa mfinyanzi. Upande huo unadidimia tangu ulipojengwa. Simama mlangoni, tazama sakafu inavyoteremka kuelekea altare, kisha tembea hadi mbele: nyufa utaziona ukutani na chini ya miguu yako.