Nilivyorudi kupanda boti ya Mokowe

Kwetu Langoni, mtaa wa Lamu, mtu akijifungia ndani, cha kwanza kusemwa ni kijicho. Mamangu mkubwa aliniletea kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa kwenye sahani, nikalinywa kwa heshima zote. Daktari naye akanipa jina la kilichonishika: sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, na wasiwasi uliopita kiasi. Aliniandikia dawa, akaniambia ipo tiba ya fikra na tabia ambayo siku hizi hufanywa hata kwa simu. Mtaalamu aliyemjua yuko Mombasa, na mimi hata boti ya kuvukia Mokowe, ng’ambo ya bara, ilikuwa imenishinda. Nikikanyaga tu, moyo mbio, vidole ganzi, naona nafia majini mbele za watu.

Basi nikachagua ya simu. Masomo yalikuja wiki kwa wiki, nikiyasoma darini watu wakishalala. La kwanza lilimtaja Aaron Beck, daktari wa akili wa Philadelphia aliyeianzisha tiba hii miaka ya 1960, baada ya kuona kuwa wagonjwa wake wa sonona hupitiwa na mawazo ya ghafla wasiyoyahoji: sifai, watu wamenichoka, mbele hakuna kheri. Nililia, maana yalikuwa yangu neno kwa neno.

Kazi yenyewe ni daftari. Mteja alipita mlangoni pangu bila salamu. Wazo: amechukizwa na kanzu niliyomshonea mwanawe. Naliamini kiasi gani? Asilimia 90. Linaloliunga mkono: hakunisalimu. Yanayolipinga: alilipa bila maneno, juzi kaleta kitambaa kingine, na alikuwa kabeba mtoto analia. Nikaliandika upya, imani ikashuka hadi 40. Haikufika sifuri, wala haitakiwi; hapa hufundishwi kujidanganya kuwa kila kitu ni kizuri.

Sonona hukwambia ngoja upate hamu kwanza. Tiba inasema fanya, hamu itakukuta kazini. Basi saa nne asubuhi nakaa kwenye cherehani, nashona pindo moja, nitake nisitake.

Kila wiki mshauri nasaha aliyeko Nairobi alisoma niliyoandika, akanijibu. Anayetaka kujaribu ningemsihi atafute programu yenye mtu nyuma yake; tafiti nazo zinaonyesha wanaoongozwa hufaidika zaidi kuliko walioachiwa masomo peke yao. Kuna pia yale maswali tisa ya kupima sonona, kila moja 0 hadi 3, jumla 27. La tisa linauliza kama umewaza kufa au kujidhuru. Ukijibu ndiyo, usingoje somo la wiki ijayo: mwambie mtu wa nyumbani, uende hospitali siku hiyo hiyo.

Boti nilipangiwa kwa ngazi. Kwanza kukaa jeti nikitazama watu wakipanda. Kisha kuingia boti iliyofungwa kamba, isiyoondoka. Kisha kuvuka na mamangu mkubwa, mwisho peke yangu. Sharti ni kutokimbia, wala kujificha kwenye simu.

“Mama, unapanda au hupandi?” nahodha mmoja aliniuliza.

“Niache nikae kidogo, babangu.”

Siku niliyovuka peke yangu moyo ulianza mbio tulipong’oa tu. Nikauacha uende, nikitazama mikoko, na kabla ya Mokowe ukachoka wenyewe. Nilipokea mzigo wangu wa vitambaa, nikabishana na hamali juu ya ujira wake mpaka akapunguza, nikarudi na boti iliyofuata. Dawa bado natumia kama alivyoniagiza daktari.