P0171 inaporudi baada ya matengenezo: nilivyoifuata kwenye IST ya 1NZ-FE

Gari ni Toyota IST, injini 1NZ-FE ya cc 1,497. Lilikuwa limetoka kubadilishwa gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) kwa sababu oili ilikuwa inavuja. Taa ya cheki injini ikawaka kwa kodi ya hitilafu P0171, yaani mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Gereji wakafunga sensa mpya ya oksijeni (inayopima moshi wa ekzosi), ile ya mbele, wakafuta kodi, na taa ikarudi.

Sensa ile hubebeshwa lawama kila mara kwa kuwa ndiyo inayotoa taarifa, lakini mjumbe hauawi. Kwenye P0171 mara nyingi inasema kweli. Kuna jaribio la bure kabla ya kununua nyingine: kama ni sensa ya kawaida inayocheza kati ya volti 0.1 na 0.9, chomoa hozi ndogo ya hewa kwenye manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda) injini ikiwa moto, volti zishuke chini ya 0.2. Rudisha hozi, pulizia kidogo dawa ya kusafishia kabureta kwenye njia ya hewa, zipande kuelekea 0.9. Ikijibu pande zote mbili, haina kosa.

Mimi huwa sifuti kodi kabla ya kusoma kwa skana kumbukumbu iliyohifadhiwa pale kodi ilipoandikwa: joto la maji, mwendo, mzunguko wa injini, na fyueli trimu. Ukifuta, vyote vinapotea, na kung'oa terminali ya betri kunafanya vilevile. Kwenye gari hili kumbukumbu ilionyesha injini imeshapata joto, mwendo sifuri, mzunguko karibu 700 kwa dakika. Kwa hiyo tatizo lilijitokeza gari likiwa limesimama, wala si likipanda mlima.

Fyueli trimu ndiyo roho ya kazi hii. Ni asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza ili mchanganyiko ukae sawa. Ipo ya muda mfupi na ya muda mrefu, na unazijumlisha. Jumla ikiwa ndani ya 10, juu au chini ya sifuri, sina wasiwasi. Hapa, bila kukanyaga mafuta, ya muda mfupi ilikuwa +9 na ya muda mrefu +24, jumla +33. Nikashikilia resi kwenye 2,500, jumla ikashuka hadi +7.

Kushuka huko kunakwambia hewa inaingia pembeni, baada ya sensa ya kupima hewa. Injini ya lita 1.5 isipokanyagwa mafuta inavuta takribani gramu 2 za hewa kwa sekunde, na mvuto ndani ya manifoldi ni mkali, hivyo tundu dogo linachangia sehemu kubwa ya hewa yote. Ukipandisha resi hewa halali inakuwa nyingi, mvuto unalegea, na tundu lilelile halina uzito tena. Ingekuwa kinyume, jumla inapanda kadiri unavyokanyaga, ningeenda kwenye sensa ya hewa iliyochafuka au presha ya petroli, ambayo kwenye 1NZ-FE inatakiwa iwe kPa 304 hadi 343. Chini ya hapo ni pampu au chujio lake ndani ya tangi.

Kuna watu wanaanza kukagua boksi la eakilina, yaani chujio la hewa. Ufa wa pale uko kabla ya sensa ya hewa, unaingiza vumbi lakini hauleti P0171 moja kwa moja. Mpira mkubwa kati ya sensa na throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta) ndio wa kuangalia: ukunje kwa mikono, nyufa hujificha kwenye mikunjo. Wa gari hili ulikuwa mzima.

Baada ya hapo najiuliza mkono wa fundi ulipita wapi. Kutoa tapeti kava kwenye injini hii kunalazimu kutoa koili nne na soketi zake, hozi mbili za kupumulia, na mara nyingi dipstiki inaguswa pia. Dipstiki isiyokaa vizuri au mfuniko wa oili uliolegea nayo ni njia ya hewa, maana valvu ya PCV, ile inayopeleka mvuke wa oili kwenye manifoldi, inavuta kutoka ndani ya injini. Hivyo vilikuwa sawa.

Kilichobaki ni kusaka tundu kwa dawa ya kabureta: ikivutwa ndani inafanya kazi ya petroli na trimu inashuka. Subiri feni ya rejeta izime, la sivyo inapeperusha dawa na kukudanganya. Weka mrija mwembamba kwenye kopo, pulizia dawa ya kabureta kwa mipulizo mifupi, kiungo kimoja kimoja, huku ukitazama trimu ya muda mfupi. Kaa mbali na ekzosi na uwe na kizimamoto karibu. Dawa ile inawaka kama petroli. Kwenye maungio ya manifoldi, kimya. Kwenye hozi inayotoka valvu ya PCV kwenda manifoldi, trimu ikadondoka kutoka +9 hadi chini ya sifuri papo hapo na mngurumo ukabadilika.

Juu hozi ilionekana nzima. Nilipoichomoa, upande wa chini wa ncha ulikuwa umepasuka kwa urefu, ufa wa kama sentimita moja na nusu, sehemu yake ikiwa chini ya klempu. Mpira ulikuwa umekakamaa kwa joto, na ulipovutwa bila kuzungushwa kwanza ukachanika.

Usiweke kipande cha hozi ya kawaida ya maji. Mvuke wa oili unailainisha, na mvuto unaibana kwenye kona hadi inaziba. Hozi yenyewe ya kiwandani imekunjwa tayari kwa umbo lake. Ukiwa hapo, ijaribu na valvu: ukipuliza kutoka upande wa injini hewa ipite kirahisi, kutoka upande wa manifoldi ipite kwa shida.

Na gundi ya silikoni waliyojaza kuzunguka gasketi mpya niliipunguza. Inahitajika kidogo tu kwenye kona ambapo kava ya cheni inakutana na hedi. Gundi isiyo salama kwa sensa inatoa mvuke unaoiua sensa ya oksijeni, na hapo ndipo ile mpya ingekufa kweli.

Hozi mpya ikishafungwa, sasa ndipo nafuta kodi. Trimu ya muda mrefu inaanza upya kwenye sifuri. Toyota huhitaji kosa hili lionekane safari mbili ndipo iwashe taa, kwa hiyo taa kuzima siku ya kwanza si ushahidi. Soma kodi zinazosubiri, yaani zilizoonekana mara moja bila kuwasha taa. Niliwasha injini ikiwa baridi, nikaendesha hadi maji yakavuka nyuzi 80, nikakaa mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa kwa dakika kadhaa, kisha nikasimama kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Jumla ilitulia kati ya +2 na +4, na hakukuwa na kodi inayosubiri.