Difu inalia? Sikiliza kwanza kabla hujaifungua

Watu wengi wakisikia kelele nyuma ya pikapu wazo la kwanza ni difu (sanduku la gia katikati ya ekseli ya nyuma) imekufa, alafu siku hiyohiyo difu inashushwa, krauni na pinioni mpya (gia mbili kubwa za ndani yake) zinaingia, gari inatoka gereji na kelele iko palepale. Inaniuma sana hii, kwa sababu ekseli ya nyuma ukiipa muda inakuonyesha yenyewe panapouma, we kazi yako ni kuendesha huku unajiuliza swali moja tu, hii kelele inabadilika nikifanya nini?

Kwanza iondoe injini kwenye orodha ya washukiwa. Gari imesimama, gia fri, piga resi taratibu mpaka mizunguko ile ambayo ukiwa barabarani ndo mtetemo unaanza. Ikitetema hapohapo achana na ekseli, nenda kaangalie maunting za injini (raba zinazoishikilia) au ekzosti inayogusa chesesi. Ikitulia ingia barabarani, shika spidi moja, tuseme 60, kwa gia ya tatu, alafu spidi ileile kwa gia ya nne. Injini imeshusha mizunguko ila mtetemo uko vilevile? Basi kinachotetema kiko baada ya gia boksi, yaani propela (shafti ndefu inayotoka gia boksi kwenda difu), difu, haf shafti (shafti inayotoka difu kwenda gurudumu) au tairi zenyewe.

Hapo sasa kuna kitu ambacho naona wengi wanakiruka, nacho ni kasi ya mapigo yenyewe. Tairi ya pikapu mzingo wake ni kama mita 2.3 hivi, kwa hiyo ukiwa 100 kwa saa inazunguka kama mara 12 kwa sekunde. Propela inazunguka zaidi ya tairi kwa uwiano wa difu, kwenye difu ya 4.1, yaani propela inazunguka mara 4.1 tairi ikizunguka mara moja, hiyo ni karibu mara 50 kwa sekunde. Mapigo 12 unayahisi mwilini, siti inakutikisa. Mapigo 50 huwezi kuyatofautisha moja moja, unasikia mvumo kwenye sakafu na kioo cha kuangalia nyuma kinaonyesha picha yenye ukungu. Kwa hiyo anayesema gari inanitikisa na anayesema gari inavuma miguuni wana matatizo mawili tofauti kabisa, wa kwanza aanze na balansi ya tairi, rimu iliyopinda au haf shafti iliyopinda, wa pili aanze na propela.

Tairi zimalize mapema maana ni rahisi. Kelele ya tairi inabadilika ukitoka lami mbovu kwenda lami laini, ya difu na ya beringi haijali lami. Pitisha kiganja juu ya tairi, ukihisi mabonde na vilima hapo pana kelele, na ukihamisha tairi za nyuma kwenda mbele kelele ikahamia mbele umeshamaliza.

Beringi ya gurudumu inaunguruma, na inapanda na spidi bila kujali umekanyaga mafuta au umeachia. Tafuta sehemu pana isiyo na magari, ukiwa kwenye spidi ya wastani yumbisha usukani taratibu kushoto na kulia. Ukikata kushoto uzito unaegemea kulia, ngurumo ikiongezeka hapo mara nyingi ni beringi ya kulia, na kinyume chake. Ukisimama sogeza mkono karibu na hab (kitovu cha gurudumu) zote mbili bila kushika, moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake una beringi inayokufa au breki inayoganda, na breki unaijua kwa kuinyanyua hiyo tairi ukaizungusha.

Difu yenyewe ikiwa mbovu mlio wake ni mwembamba, inalia uuuuu, na dalili yake kubwa ni mguu wako. Ukikanyaga inalia, ukiachia inanyamaza, au kinyume chake, au inalia kwenye spidi fulani tu alafu inapotea. Hapo meno ya krauni na pinioni hayakutani vizuri au beringi za pinioni zimelegea. Uthibitishe hivi: fungua propela upande wa difu, shika flanji ya pinioni (sahani inayofungwa na propela), itikise juu chini. Ikicheza hata kidogo beringi zimeisha. Kuizungusha ikacheza kidogo kabla meno hayajashikana ni kawaida, huo uwazi umewekwa makusudi, ndo maana nasisitiza kutikisa na sio kuzungusha. Na tafadhali usikaze ile nati ya pinioni kwa nguvu ukidhani unaondoa plei (kule kucheza), kwenye difu nyingi ndani kuna bushi inayobonyea ambayo ndo inapanga mkazo wa beringi, ukiibonyeza kupita kiasi beringi mpya inaungua mapema.

Propela ndo inayosingiziwa kuwa difu kuliko kitu chochote. Niliombwa niangalie pikapu moja, mwenyewe alishaambiwa anunue difu nzima, na dalili ilikuwa gari ikiondoka inatetemeka mpaka kama 30 alafu inatulia kabisa, ukisimama ukaondoka tena inarudia. Difu haina tabia hiyo. Nililala chini nikasukuma propela juu kwa mkono pale katikati, ikapanda mpaka ikagonga krosmemba (boriti ya chesesi inayokatiza), raba ya senta beringi, ile inayoshikilia propela katikati, ilikuwa imechanika mzunguko mzima. Kwenye propela ya vipande viwili mtetemo wa kuondokea nianzie wapi kama sio hapo?

Krosi, yaani kiungo cha msalaba kwenye ncha za propela, nayo ina lugha yake. Ukitoa gia ya mbele ukaweka rivasi inapiga ko! moja, au ukitembea polepole inalia kwi kwi kwi kama panya. Angalia kwenye vikombe vyake, ukiona unga wa kutu mwekundu unatoka kwenye sili, sindano za ndani zimekauka na kusagika. Kabla hujatoa propela weka alama ya rangi kwenye flanji na kwenye splaini (meno ya shafti inayochomekwa), maana ikirudi imepishana jino tu uma za pande mbili, zile zinazoshika krosi, hazitakuwa sambamba na utatengeneza mtetemo ambao haukuwepo. Gari iliyoinuliwa springi, au inayotetema ikiwa tupu na kutulia ikibeba mzigo, pima pembe ya propela na kagua kama yubolti (bolti zinazobana springi kwenye ekseli) zimelegea ekseli ikajigeuza.

Ukitaka kusikiliza gari ikiwa juu, weka gari sehemu tambarare, zuia tairi za mbele kwa vigingi, stendi zikae chini ya mirija ya ekseli yenyewe na sio chesesi, maana ekseli ikining'inia pembe ya krosi inabadilika na utasikia kelele za uongo. Gari inayovuta magurudumu yote manne muda wote usiijaribu hivyo huku za mbele ziko chini, itaruka kwenye stendi. Na hakuna mtu kulala chini ya gari wakati magurudumu yanazunguka, hata kwa sekunde moja.

Oili iache ya mwisho ila usiisahau. Fungua kwanza nati ya kujazia ndo ufungue ya kumwagia, maana ya juu ikigoma na ya chini umeshamwaga umekwama na gari haina oili. Kwenye sumaku ya nati ya kumwagia ukikuta tope la kijivu laini ni uchakavu wa kawaida, ukikuta vipande vinavyokwaruza vidole hapo sasa difu ifunguliwe kwa haki. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa maji yameingia, kagua pumulio la juu ya ekseli kama limeziba. Na kama difu yako ni ya klachi, ile inayobana magurudumu yote mawili, ikikoroma kwenye kona kali peke yake weka oili yenye kiongezo cha difu za klachi kwanza kabla ya kufungua chochote.

Ikibidi krauni na pinioni mpya ziingie, safari za mwanzo ziwe fupi na bila mzigo, ukiiachia ipoe katikati, alafu oili ya kwanza imwage kwenye kama kilomita 800, itatoka imejaa unga wa chuma na hiyo ni sawa.