Duka langu la nafaka Kisumu na wateja wa baiskeli

Ukisikia njia ya baiskeli inajengwa mbele ya duka lako, usikimbie. Mimi nauza mahindi, ndengu, maharagwe na omena kwa gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, pale Oginga Odinga Street. Kazi ya kupanua njia za waenda kwa miguu na baiskeli ilipoanza katikati ya mji, kabla ya mkutano wa Africities wa Mei 2022, majirani walilia kwamba wenye magari watakosa pa kuegesha nasi tutafunga. Mmoja alinisihi nihamie soko la Kibuye mapema.

Sikuhama. Nilianza kumuuliza kila aliyeingia dukani amekuja na nini. Wengi mno walikuja kwa miguu, kwa boda au kwa baiskeli kutoka Nyalenda na Manyatta. Yale magari yaliyojaa mbele yetu tangu asubuhi mengi yalikuwa ya wafanyakazi wa ofisi za juu na ya sisi wenye maduka! Yanashinda pale hadi jioni, na hakuna anayenunua hata nusu gorogoro.

Nikamwomba mzee mwenye jengo sehemu ya mbele niweke stendi ya baiskeli. Nilimweleza kuhusu 9th Avenue ya New York: ripoti ya idara ya uchukuzi ya jiji hilo ya 2012 ilionyesha mauzo ya maduka yamepanda hadi asilimia 49 baada ya njia ya baiskeli kutengwa, ilhali Manhattan nzima, eneo la jiji ilimo barabara hiyo, ilipata asilimia 3 tu. Akasema huko ni Marekani. Nilipomwonyesha kwamba nafasi ya gari moja inatosha baiskeli kama kumi, akakubali.

Fundi wa jua kali alishikilia tuweke vyuma vya kubana gurudumu la mbele, eti ndivyo vya kisasa. Black mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, yenye gunia la mahindi ikaegeshwa pale, mwenyewe akageuka kuchukua chenji, mzigo ukaelemea upande mmoja na rimu ikapinda kama kisahani. Rimu nililipa mimi. Vyuma vikakatwa vyote. Safari hii nilimwambia fundi akunje bomba nene na kuzika miguu yake yote miwili kwenye zege, baiskeli iegemee kwa fremu. Elfu kadhaa zilinitoka, na sijutii hata shilingi.

Stendi iweke mahali ambapo mteja aliyesimama kwenye mizani anaiona baiskeli yake. Asiye na wasiwasi hana haraka. Ataongeza chumvi, ataongeza mafuta. Mimi nimefunga pampu kwa mnyororo kwenye nguzo, kujaza upepo ni bure, na nakata tyubu kuukuu kuwa mipira ya kufungia mzigo kwenye keria. Mwenye baiskeli hanunui gunia kila siku, lakini wiki haiishi hajarudi.

Kilichobaki ni pikipiki kuegeshwa juu ya njia yenyewe. Vijana wa steji tumekubaliana wasimame kwenye kona, nami nawapa mizigo mizito ya kupeleka. Wakisahau, natoka mwenyewe kuwakumbusha.