Anayesubiriwa yuko ndani

Toronto, usiku wa kuamkia Krismasi

Hosteli imebaki tupu. Tangu juzi yalikuwa masanduku ya magurudumu yakikwaruza sakafu ya korido, kuagana, milango kufungwa, kisha kimya. Kwenye ghorofa yetu tumebaki watatu, na hao wawili tunafahamiana kwa sura tu, pale jikoni. Nimejifunika blanketi mbili nikaangalia Black Christmas. Hii ni mara ya nne.

Kuna wanaonishangaa: mtoto aliyekulia kwenye kwaya, anapendaje filamu za kutisha za Krismasi? Nazipenda kwa moyo wote, na leo nadhani nimejua sababu.

Hii ya Bob Clark ilitoka mwaka 1974, miaka minne kabla ya Halloween ya John Carpenter, na ilipigwa hapahapa Toronto. Nyumba ya wanafunzi wa kike, likizo inaanza, wasichana wanajiandaa kwenda kwao. Mtu anaparamia ukuta na kuingia kwa dirisha la darini. Hatumwoni, tunaona kwa macho yake na kusikia pumzi zake. Halafu simu zinaanza kulia, na anayepiga ana sauti kama za watu watatu wanaogombana ndani ya koo moja. Muziki nao hauna raha. Carl Zittrer alifunga uma, visu na vichana kwenye nyuzi za piano, ndiyo maana kila noti inapofifia inapinda, kama chuma kinacholalamika.

Ila kinachonikaa moyoni si simu wala damu. Ni baba yake Clare.

Clare ndiye anayeuawa kwanza. Muuaji anamziba uso kwa mfuko wa nailoni, anampandisha darini na kumkalisha kwenye kiti cha kubembea, karibu na dirisha. Kesho yake baba anakuja kumchukua waende nyumbani kwa sikukuu. Anasimama chuoni kwenye baridi, anatazama saa, binti hatokei. Anakwenda kwenye ile nyumba, anakwenda polisi, na pale kaunta anaambiwa huenda yuko na mvulana. Usiku anaungana na watu kumtafuta mtoto mwingine aliyepotea. Kila baada ya muda kamera inatupandisha tena juu: kiti, dirisha, ule mfuko uliomgandamana Clare usoni. Mlezi wa nyumba anapanda darini akimtafuta paka, naye hashuki. Mpaka filamu inaisha hakuna polisi aliyepanda kuangalia. Baba amefika hadi ndani ya nyumba aliyomo mwanawe, na hajui.

Leo ndipo nilipokumbuka Gremlins ya Joe Dante, ya mwaka 1984. Wengi wanakumbuka vile viumbe vidogo vyenye fujo. Mimi nakumbuka pale msichana mmoja, Kate, anapoeleza kwa nini anaichukia Krismasi. Baba yake hakurudi nyumbani mkesha wa sikukuu. Walimsubiri siku kadhaa, baridi ikazidi, wakataka kuwasha moto, ndipo wakasikia harufu. Alikuwa kwenye bomba la moshi, amevaa nguo za Baba Krismasi, mikono imejaa zawadi, shingo imevunjika. Alitaka kuwashtukiza. Siku zote hizo wanachungulia mlangoni, kumbe yumo ndani.

Filamu mbili tofauti kabisa, jeraha lilelile.

Labda ndiyo maana Krampus ya 2015 haikunishika hivyo, ingawa kiumbe chenyewe, cha pembe na minyororo, kinatoka kwenye mila halisi za milima ya Alps, ambako watu huvaa vinyago vyake mwanzoni mwa Desemba. Lakini huyo anatoka nje. Anayetoka nje unaweza angalau kumfungia mlango. Na Silent Night, Deadly Night, ile ya muuaji aliyevaa kama Baba Krismasi, wazazi wa Marekani waliipinga hadi ikaondolewa kwenye kumbi mwaka uleule wa 1984. Naielewa hasira yao. Kwangu ni shoka na nguo nyekundu tu.

Nirudi kwa Black Christmas. Kuna watoto wanakuja mlangoni kuimba nyimbo za Krismasi. Jess, mmoja wa wasichana wa ile nyumba, anatoka kuwasikiliza, uso umelainika kwa mara ya kwanza usiku ule. Juu, wakati huohuo, rafiki yake anachomwa chomwa kitandani kwa sanamu ya kioo. Wimbo unakifunika kilio. Watoto wanaimba vizuri, na kwa sababu wanaimba vizuri hakuna anayesikia.

Nilikuwa nimesimamisha filamu hapo mama alipopiga. Kwangu saa sita usiku, kwao saa mbili asubuhi, wako nje ya kanisa, kwaya inasikika nyuma yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Heri ya Krismasi. Umekula?"

Nikamwambia nimekula pilau, tuko wengi, tunacheka. Kumbe mezani kuna kipande cha mkate na chai iliyopoa. Kwaya ilikuwa imepandisha sauti. Sidhani alinisikia vizuri. Akasema Mungu akulinde, simu ikakatika.

Nikakaa kidogo. Kisha nikavaa ndala, nikatoka kwenye korido. Chini ya mlango wa chumba cha mwisho kulikuwa na mstari wa mwanga. Nikagonga. Ndani, kiti kikasogezwa.